Mawe Meupe ya Dada Eufrasia

"Chumba hicho watoto hawalali."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"We nani? Umekuwa injinia? Umekuwa halmashauri?"

"Walale huku mbele, dada. Huku kuna hewa."

"Huku mbele wanacheza na kula. Imechorwa kwenye ramani. Chumba cha kulala kimechorwa pale. Unataka mkaguzi aje nimwambie ramani nimeipanga upya kwa sababu mdogo wangu kaota?"

"Basi pale weka stoo."

"Stoo ya nini, Mayala? Ya spika zako? Au unatafuta pa kumweka huyo Agnetha wako? Sema tu, usizunguke."

"Agnetha kaingiaje hapa?"

"Sijui kaingiaje. Mimi nilikuwa Isaka. Majirani ndo walioniambia alivyokuwa anaingia."

Tulikuwa tumeshika godoro moja, dada Eufrasia upande huu, mimi upande ule, tunavutana mlangoni kama watoto wanaogombea shuka. Godoro lenyewe dogo la watoto, jepesi, angeweza kulibeba kwa mkono mmoja. Akalivuta kwa nguvu, nikaliachia. Nisingeliachia ingebidi niseme sababu, na sababu sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa zaidi ya mwaka.

"Saa nne huyo mkaguzi yupo hapa," akasema huku anapanga magodoro yake chini ya dirisha. "Leo usinitibulie, Mayala. Kesho nitibulie utakavyo. Leo, hapana."

Alipanga magodoro sita. La mwisho akalisukuma mpaka kwenye kona. Ile kona.

Nikatoka nje nikavuta sigara nusu, nikaizima, nikaiwasha tena.

Nielezee vizuri. Dada yangu alikaa Isaka miaka tisa akiwapikia madereva wa malori. Wali, maharage, dagaa, anaamka saa tisa usiku, moshi machoni. Kila alichopata alikileta huku Kahama kwenye hiki kiwanja, pembeni ya Nyasubi, kujenga kituo cha kulelea watoto. Wanawake wa sokoni wanashinda na watoto chini ya meza za nyanya. Wanaofanya kazi kwenye makarasha wanawalaza pembeni kabisa ya mashine, vumbi la mawe linawaingia puani. Dada aliona hilo, akasema atajenga nyumba ya kuwalaza hao watoto mchana. Hiyo tu.

Leo ilikuwa ukaguzi wa mwisho. Mkaguzi akiridhika anasaini fomu, Ijumaa dada anakwenda halmashauri kuchukua cheti cha kuruhusu jengo litumike, Jumatatu watoto wanaingia. Leseni ya ustawi wa jamii ilishakamilika, inasubiri cheti tu. Kwenye daftari lake walishaandikwa watoto ishirini na wawili. Mama zao wakipita asubuhi wanaita toka barabarani, "Mama Mariana, Jumatatu kweli?" Naye anajibu, "Jumatatu kweli!"

Sasa tatizo lilianzia kwenye kibali.

Dada alimwaga msingi kabla ya kibali cha ujenzi. Alikuwa na karatasi ya kuuziana kiwanja, ina mhuri wa mtaa, akadhani mhuri ni mhuri. Wakaja watu wa halmashauri wakaandika SIMAMISHA kwa rangi nyekundu kwenye msingi, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano. Ikabidi aanze upya. Mara kiwanja kipimwe, mara ramani irudiwe kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya kuishi na sio ya watoto, mara choo cha watoto kiongezwe, mara barua ya majirani. Miezi kumi na moja. Yeye karudi Isaka kupika, mimi kaniweka hapa nilinde msingi.

We ushawahi kulinda msingi? Unakaa. Hauna mlango, hauna paa, hakuna wa kuuiba. Unaangalia nyasi zinaota kwenye chumba ambacho hakijawa chumba. Mimi shule niliacha darasa la sita kwa sababu ya kukaa. Nikaenda machimboni, nikashuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, tangu nina miaka kumi na nne. Mimi sio mtu wa kukaa.

Nikaona bora nichimbe shimo la choo, lipo kwenye ramani, kibali kikitoka tunakuta kazi imeisha. Futi kumi. Nikachimba mwenyewe na moko, ile tindo yetu ya machimboni, na sururu, kuta zimenyooka kama zimekatwa na kisu. Futi ya tisa moko ukalia tofauti. Aliyechimba anaujua huo mlio. Nikakwangua, nikakuta jiwe jeupe, lina kutu kwenye mikunjo yake.

Hapo mtu mwingine angefunika akaenda zake. Fundi wa nyumba angekasirika kwamba kakutana na jiwe. Mimi mwili mzima ulisisimka, jiwe la namna hiyo ndilo linabeba dhahabu.

Nikamwita Marcel, mwenzangu wa zamani. Tukaufuata mwamba. Haukwenda upande wa barabara, wala upande wa shamba la jirani. Ulikwenda upande wa nyumba, kama umetumwa. Tukapita chini ya msingi, tukaingia hatua nne chini ya chumba cha nyuma, mwamba ukakatika. Siku kumi na tisa za kazi. Tulipata kidogo. Sio utajiri, kidogo. Marcel akachukua chake akaenda Geita. Mimi changu nikanunua bati za bluu, nyumba nzima, nikamwambia dada nimepata kazi kwenye duara la tajiri mmoja. Dada alilia. Alipika pilau, akaita majirani, Jumapili akasimama kanisani akasema mdogo wake aliyeshindikana amenunua bati za nyumba ya watoto.

Na lile tundu nililijaza. Sikuliacha wazi, mimi sio mjinga. Nilisimamisha matimba, magogo ya mikaratusi ya kushikilia juu, nikapanga viroba vya kifusi mpaka juu, mdomo nikauziba kwa tofali na plasta. Kule machimboni tunapita chini ya viroba kama hivyo kila siku na tunakula ugali chini yake. Nikasema, kama panatosha mtu kukaa chini, nyumba kukaa juu inashindwaje? Ndivyo nilivyofikiri. Niliamini kabisa.

Kibali kikatoka. Kuta zikapanda, bati zikapanda, sakafu ikamwagwa. Mvua zikanyesha msimu mmoja, zikanyesha wa pili. Mwezi uliopita nafagia kile chumba nikaona mstari kwenye sakafu ya kona, mwembamba kama uzi. Nikagonga na mpini wa fagio. Katikati ya chumba, ko ko. Kwenye kona, bu.

Tangu siku hiyo nilikuwa silali vizuri. Na hata hivyo nilinyamaza.

Saa nne na robo pikipiki ikaingia uani. Mkaguzi ni mwanamke, nilidhani atakuja mwanaume. Akavua helmeti, ana nywele fupi, buti za kazini, futi ya chuma kiunoni.

"Shikamoo mama," akamwambia dada.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu sana."

"Naitwa Bhoke, natoka ujenzi. Kijana, hujambo?"

"Shikamoo," nikasema. Nikafuta mkono kwenye suruali ndo nikampa.

Dada alitaka kumpa soda kwanza. Akakataa, "Kazi kwanza, mama, nisije nikasema jengo zuri kwa sababu ya soda." Dada akacheka kupita kiasi. Alikuwa anaogopa. Alivaa kitenge cha sikukuu na viatu vya kufunga, nyumbani kwake mwenyewe.

Wakaanza. Mkaguzi alikuwa anasoma ramani, anapima, anatia alama. Mlango mkubwa unafunguka kwenda nje, sawa. Madirisha ya watoto, kimo chake sawa. Kizima moto kipo. Njia ya baiskeli za walemavu, akaipima mteremko wake, akasema sawa ila waongeze kishikio. Dada kila akisikia "sawa" anapumua kama mtu anayetua ndoo.

Mariana, mtoto wa dada, miaka minne, alikuwa anawafuata nyuma akirudia, "Sawa. Sawa. Sawa."

"Huyu ndo mkaguzi mkuu?" Bhoke akauliza.

"Huyo ndo mteja wa kwanza," dada akasema.

Wakafika nyuma, kwenye shimo la choo.

"Fungua mfuniko, kijana."

Nikafungua. Akapiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu. Akaifungia futi yake jiwe nchani, akaiteremsha. "Futi kumi na inchi mbili. Nani alichimba?"

"Mdogo wangu huyu," dada akasema, kifua mbele. "Mwenyewe, peke yake."

"Kuta zimenyooka sana. Umejifunza wapi?"

"Machimboni," nikasema.

"Inaonekana." Akaendelea kumulika. "Upande huu wa nyumba tofali zimelazwa tofauti na pande nyingine. Kwa nini?"

"Tofali ziliisha. Tukaongezea nyingine."

Uongo ulitoka bila kukwama. Akaniangalia sekunde mbili tatu. Halafu akasimama, akapangusa magoti, akatia alama kwenye karatasi.

Tukawa tunarudi mbele, akasimama kwenye maua. Dada alipanda maua pande zote mbili za njia, na kuyazungushia mawe meupe. Ni yale yale. Yale ambayo hayakuwa na kitu tuliyatupa kwenye majani, dada alipokuja toka Isaka akayaona, akasema mazuri, yanang'aa, akayaosha moja moja na brashi ya kufulia akayapanga. Mimi nilisimama nikamwangalia anayapanga.

Bhoke akaokota moja. Akaligeuza juani. Akalilamba kidogo kwa ncha ya ulimi, kama anavyofanya mtu anayejua, jiwe likilowa unaona kilichomo.

"Mama Mariana, haya mawe mmetoa wapi?"

"Si huyu, aliniletea toka machimboni. Mazuri, eeh?"

"Mazuri." Akalirudisha chini taratibu. "Mimi kwetu ni Tarime. Utoto wetu tulichezea haya." Akaniangalia tena. "Ya machimbo gani?"

"Ya... kule njia ya Geita."

"Kubeba mawe matupu kutoka njia ya Geita mpaka hapa?"

"Anapenda maua, dada yangu."

Dada akaniangalia kwa upendo. Nakwambia, angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

Mkaguzi hakuuliza tena. Tukaingia ndani, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti juu, akaweka fomu kwenye meza ndogo. Sasa soda ikaja. Akanywa funda moja, akaanza kuandika. Jina la mmiliki. Namba ya kiwanja. Namba ya kibali. Dada amesimama pembeni, mikono kaifumbata tumboni, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali.

"Kuna jambo lolote kwenye ujenzi huu ambalo halipo kwenye ramani?" Bhoke akauliza bila kuinua kichwa. "Ni swali la kwenye fomu, namuuliza kila mtu."

"Hakuna," dada akasema.

"Hakuna," akaandika. "Basi nikisaini hapa, Ijumaa saa tatu uje na kitambulisho."

Akageuza ukurasa. Na kule chumba cha nyuma Mariana akaanza kuruka juu ya magodoro.

Alikuwa anaimba na kuruka toka godoro moja kwenda lingine. Godoro la kwanza, pu. La pili, pu. La tatu, pu. Mimi nahesabu. Niliwahi kuwa kwenye duara wenzetu watatu wapo mbele, mtu wa nyuma akasikia udongo unadondoka punjepunje kama mchele kwenye sinia, akasema, "Mmesikia?" Tukasema hatujasikia. Tulikuwa tumesikia. Udongo ukashuka, wawili tukawatoa wazima, mmoja tukamtoa kesho yake.

La tano, pu.

La sita, bu.

"Mama injinia, usisaini."

Kalamu ikasimama. Dada akageuka, "Mayala!"

"Mariana! Toka humo!" nikapiga kelele, nikakimbia. Nikamnyakua akiwa angani, akaanza kulia, sikumjali, nikamrudisha sebuleni nikamweka chini karibu na mama yake.

"Chini ya kile chumba kuna tundu," nikasema.

"Tundu la nini?" Bhoke akauliza. Sauti yake haikubadilika.

"Tulichimba. Toka shimo la choo. Kulikuwa na mwamba, tukaufuata."

"Unatania," dada akasema. "Mama injinia, huyu anatania, ndivyo alivyo, tangu utoto."

"Sitanii, dada."

"Unatania! Asubuhi ulikuwa unataka chumba cha stoo, sasa umeona hupewi..."

"Mama, subiri." Bhoke akafunga kalamu. "Kijana, lete nyundo."

Nilileta moko wangu, ulikuwa nyuma ya tenki la maji. Tukasogeza magodoro. Akaniambia nigonge, yeye akainama sikio karibu na sakafu. Mlangoni, ko. Katikati, ko. Nikasogea. Ko. Bu. Kwenye kona hata sakafu yenyewe ilitikisika kidogo, vumbi likatoka kwenye ule mstari mwembamba.

"Acha," akasema. "Toka. Wote tutoke nje ya nyumba."

Tukasimama uani kwenye jua. Bhoke akaniambia nionyeshe. Nikatembea toka kwenye shimo la choo mpaka ukutani, nikazunguka, nikaonyesha kwa mikono linavyoingia chini. Hatua nne. Kimo cha mtu aliyechuchumaa.

"Ulijaza na nini?"

"Viroba vya kifusi. Na matimba ya mikaratusi."

"Mibichi?"

"Mibichi."

"Mvua misimu mingapi tangu hapo?"

"Miwili."

Akatikisa kichwa. "Kwetu matundu ya namna hii yanashuka msimu wa tatu. Mti umeshaoza, viroba vimekaa chini, udongo wa juu umevifuata, chini ya sakafu panabaki uwazi. Zege linakuwa limejishikilia lenyewe tu." Akamwangalia dada. "Mama Mariana, umesikia?"

Dada alikuwa anamwangalia mkaguzi kama mtu anayeongeleshwa kwa lugha asiyoijua.

Bhoke akaandikia juu ya tenki la pikipiki. Alikuwa anasoma huku anaandika, ili tusikie. Jengo lisitumike. Chumba cha nyuma sakafu ivunjwe. Tundu lifunguliwe kwa juu, matimba na viroba vitolewe vyote, lijazwe mawe na zege tabaka kwa tabaka. Msingi wa kona uangaliwe kama umepasuka.

"Kila tabaka mnaniita kabla hamjafunika," akasema. "Kabla. Mkishafunika sitakubali, nitawaambia mfukue. Na hili la kuchimba madini bila leseni sio idara yangu, lakini nitaandika nilichokiona. Siwezi kuandika nusu."

"Inachukua muda gani?" dada akauliza. Ndo neno lake la kwanza.

"Mkifanya kazi kweli, miezi miwili. Msingi ukiwa umepasuka, sijui."

"Watoto wangu ni wa Jumatatu."

"Najua, mama." Akavaa helmeti, halafu akaivua tena. "Ilibaki sahihi tu. Ningesaini."

Sijui alimwambia dada au aliniambia mimi. Akawasha pikipiki akaondoka. Chupa ya soda ilibaki ndani mezani, haijafika nusu.

Tukabaki watatu. Mariana alishaacha kulia, anachezea mchanga.

"Nilikuwa wapi?" dada akauliza.

"Isaka."

"Ulikuwa unaniambia kwenye simu, dada msingi upo salama."

"Ndiyo."

"Na bati?"

Nikatafuta sigara mfukoni.

"Mayala, nakuuliza bati."

"Zilitoka humohumo."

Akainua uso akaliangalia paa lake. Bluu, linawaka juani. Akaliangalia muda mrefu mpaka machozi yakaanza kumtoka, sijui kwa jua au kwa nini.

"Nilisimama kanisani," akasema.

"Najua."

"Nikataja jina lako. Mbele ya watu."

"Najua, dada."

"Na haya?" Akaonyesha mawe ya maua kwa mguu. "Nimeyaosha kwa brashi, umesimama hapohapo, unaniangalia. Unacheka?"

"Sikucheka."

"Kama huyu asingeruka, ungenyamaza?"

Ningeweza kumdanganya. Nilishadanganya sana siku hiyo, kamoja kangeongezeka tu. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Nilitaka kunyamaza. Nilisema nitawakataza wasilale kwenye kona."

"Ungewakataza." Akatabasamu vibaya. "Watoto wa miaka miwili. Ungewaambia jamani msilale kwenye kona, nao wangekusikia."

Akaingia ndani. Nikamwambia asiingie. Akatoka na daftari la watoto na kanga. Akajifunga kanga juu ya kile kitenge cha sikukuu, akavua viatu vya kufunga, akavaa ndala.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni. Halafu makarasha. Nyumba kwa nyumba, mpaka niwamalize ishirini na wawili."

"Niende mimi. Kosa langu, niseme mimi."

"Yaya!" Kwa Kisukuma, kama anavyomkataza Mariana asiguse jiko. "We utasema nini? Utawaambia ulifuata mwamba? Wataelewa. Nusu yao waume zao wangefanya hivyohivyo. Watakuonea huruma, watasema masikini, kijana alikuwa anatafuta. Mimi sitaki wakuonee huruma."

Akainama akaokota jiwe jeupe moja, akanitia mkononi, akanifunga vidole kwa vidole vyake. Vidole vyake vigumu, vina alama za masufuria ya Isaka.

"Moko wako huo hapo," akasema. "Anza na sakafu. Nikirudi nisikukute umekaa."

Akamshika Mariana mkono. Mariana akauliza, "Mama, Jumatatu kweli?" kama anavyowasikia watu wakiuliza. Dada akageuka, akashika njia ya sokoni, daftari kwapani, ndala zinapiga vumbi. Mariana aliniangalia mara mbili, anavutwa. Dada hakuangalia nyuma.